Richard Kandt na Njia Panda za Mto Nile

Mvua inyeshapo juu ya milima ya Nyungwe, matone mawili yaliyoshuka bega kwa bega yaweza kuagana daima pale yanapogusa ardhi. Tone lililoangukia upande wa magharibi wa mgongo wa milima hutelemka kuelekea Nyakabuye na uwanda wa Bugarama, likaingia katika Mto Rusizi, kisha Ziwa Tanganyika, na mwisho wake ni Mto Kongo na Bahari ya Atlantiki. Tone lililoangukia upande wa mashariki huingia katika kijito cha Rukarara, likafuata Mwogo, Nyabarongo na Kagera hadi Ziwa Viktoria, na toka hapo hushika Mto Nile mpaka Misri na Bahari ya Mediterania. Upana wa unyayo mmoja wa mtu watosha kuamua safari ya maelfu ya kilomita.

Tumeitaja Nyakabuye kwa makusudi. Mahali hapo, kusini mashariki ya mji wa Kamembe, panapojulikana kwa chemchemi zake za maji moto na kwa kipande cha msitu wa Cyamudongo, ni upande wa pili wa mlango uliotafutwa na wasafiri wengi wa karne ya 19. Wao walikitafuta chanzo cha Nile. Mmoja wao, daktari Richard Kandt, alifika katika msitu huo mwezi wa Agosti mwaka 1898. Tunakusudia kuyaeleza maisha yake kwa sababu moja mahsusi. Kandt alifika alikofika kwa kufuata kanuni ya kuchagua njia kila alipokuta njia panda, na kanuni ya namna hiyo ndiyo inayotumiwa hata leo na mashine za kompyuta zinapopanga safari za malori, ndege na magari ya doria. Askari asomaye ramani, dereva wa ugavi na mkuu wa kituo cha polisi, wote wana la kujifunza katika kufaulu kwake na katika kupungukiwa kwake.

Mtoto wa Posen

Kandt alizaliwa tarehe 17 Desemba 1867 katika mji wa Posen, ambao zama hizo ulikuwa chini ya Ujerumani na leo ni Poznań katika nchi ya Poland. Jina la ukoo wake lilikuwa Kantorowicz, nao ulikuwa ukoo wa Kiyahudi. Mwaka 1894 alilibadili jina hilo akajiita Kandt. Alisomea udaktari, akajishughulisha na maradhi ya akili, na kama angalipenda angaliweza kuishi maisha ya utulivu katika hospitali za kwao mpaka uzeeni.

Lakini moyo wake ulikuwa umeshikwa na fumbo moja, nalo ni fumbo la Nile. Mwingereza Speke alikuwa ameyaona maporomoko ya Jinja mwaka 1862, akathibitisha kwamba mto huo unatoka katika Ziwa Viktoria. Hata hivyo swali halikuisha. Ziwa nalo hulishwa na mito, na mkubwa kuliko yote iingiayo humo ni Kagera. Je, Kagera yenyewe yaanzia wapi? Mwaka 1892 msafiri wa Kiaustria Oscar Baumann alitangaza kwamba amekiona chanzo chake katika mkono wa Ruvubu, huko Burundi. Kandt hakuridhika na jibu hilo. Mwaka 1897, kwa fedha zake mwenyewe, alifika pwani ya Afrika ya Mashariki, akashika njia ya misafara kwenda Tabora, na kutoka huko akaelekea kaskazini magharibi hadi Kagera.

Hatuna budi kusema wazi jambo moja kabla ya kuendelea. Kandt alikuja katika nchi ambayo Wajerumani walikuwa wameanza kuitawala kwa mabavu, na ujuzi alioukusanya ulitumika baadaye kuimarisha utawala huo. Wala mito hiyo haikuwa imepotea. Majina yote tuliyoyataja, Rukarara, Mwogo, Nyabarongo na Ruvubu, ni majina waliyoyatoa wenyeji ambao baba na babu zao walikunywa maji yake. Jambo ambalo halikuwa limefanyika ni kuipima mito hiyo mmoja baada ya mwingine na kuilinganisha, ili ijulikane upi ni shina na upi ni tawi. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Kandt.

Ugumu wa jambo lenyewe

Msomaji aweza kufikiri kwamba kutafuta chanzo cha mto ni jambo jepesi, kwamba mtu huufuata ukingo tu mpaka maji yakome. Sivyo hata kidogo. Bonde lote la Kagera lina eneo la karibu kilomita za mraba 60,000, nalo ni mfano wa mti mkubwa uliolala chali. Shina lake li ziwani, na kila baada ya mwendo shina hugawanyika mikono miwili, na kila mkono hugawanyika tena.

Hebu tupige hesabu. Tuchukue kwamba kutoka ziwani hadi vilimani mto hugawanyika mara 10, na kila mara huwa mikono miwili. Idadi ya ncha za kuchunguza ingekuwa 1,024. Ukigawanyika mara 20, ncha zitakuwa 1,048,576. Mtu anayetaka kuzifikia zote kwa miguu, ili aseme kwa yakini kwamba hii ndiyo ya mbali au ndiyo yenye maji mengi kuliko zote, atakufa kabla hajamaliza hata sehemu ndogo ya kazi yake. Hii ndiyo shida kuu ya upangaji wa njia popote pale duniani. Ugumu hautokani na uchache wa njia. Unatokana na wingi wake, unaoongezeka kwa kasi isiyoweza kukimbizwa na miguu wala na akili.

Basi mwenye busara hufanyaje? Hujiwekea kanuni. Kandt alikwenda kinyume na mkondo wa maji, na kila alipofika penye makutano alijiuliza swali moja tu: ni mkono upi ulio mkubwa? Alioukuta mkubwa aliufuata, na ule mdogo aliuacha nyuma bila ya kurudi kuuchunguza mpaka mwisho. Kwa kanuni hiyo makutano 10 yanahitaji maamuzi 10 tu, wala si safari 1,024. Wataalamu wa hesabu na kompyuta wa siku hizi huiita kanuni ya aina hii heuristiki, yaani kanuni ya uzoefu ambayo haitoi ahadi kwamba jibu lake ni bora kuliko majibu yote, lakini humfikisha mtu kwenye jibu zuri kwa muda na nguvu alizo nazo.

Kupima, si kukisia

Kanuni hiyo ingekuwa bure kama ukubwa wa mto ungeamuliwa kwa kuutazama tu. Mto mpana waweza kuwa na kina kifupi na mwendo wa kivivu, na mto mwembamba waweza kuwa na kina kirefu na mwendo wa kasi. Kwa hiyo mpimaji huhitaji vitu vitatu: upana, kina na mwendo wa maji. Upana hupimwa kwa kamba kutoka ukingo hadi ukingo. Kina hupimwa kwa mti au kamba yenye uzito, mahali pengi katika mstari mmoja, kisha hutafutwa wastani. Mwendo hupimwa kwa kukitupa kitu kinachoelea na kuhesabu kwa saa ni sekunde ngapi zimepita mpaka kimalize umbali uliokwisha kupimwa.

Tuchukue mfano wetu wenyewe. Mkono mmoja una upana wa mita 20, kina cha mita 1.5, na maji yake huenda mita 0.8 kwa sekunde. Ukizidisha utapata mita za ujazo 24 kwa sekunde. Mkono wa pili una upana wa mita 30, kina cha mita 0.6, na mwendo wa mita 0.5. Huo hutoa mita za ujazo 9 tu. Anayetazama kwa macho angeuchagua ule mpana, akapotea. Anayepima huuchagua ule mwembamba, na hupata sababu anayoweza kuiandika ili mwingine aihakiki.

Kwa mtindo huo mtu apandaye kutoka Kagera hukutana kwanza na Ruvubu, karibu na maporomoko ya Rusumo. Hapo ndipo palipokuwa njia panda kubwa, kwa kuwa Baumann alikuwa ameusimamia mkono wa Ruvubu, naye Kandt akauacha. Mbele yake huja makutano ya Nyabarongo na Akanyaru, halafu Mukungwa inayotoka kaskazini, halafu mahali ambapo Mwogo na Mbirurume huungana kuwa Nyabarongo, na mwishowe Rukarara inapoingia katika Mwogo. Kandt aliishika Rukarara, akaifuata kupanda vilima mpaka ndani ya msitu mzito wenye baridi, na mwezi wa Agosti 1898 akafika pahali ambapo mto mkuu wa Afrika ni maji machache yanayochuruzika katika majani na matope. Habari za safari hiyo alizichapisha mwaka 1904 katika kitabu alichokiita Caput Nili, maana yake kichwa cha Nile.

Mabega yaliyobeba safari

Hata hivyo ni nani aliyelipa gharama ya kila hatua? Wapagazi. Zama hizo barani mwetu, katika nchi zisizo na reli wala barabara, kila kitu kilikwenda juu ya kichwa na bega la mwanadamu: vyombo vya kupimia, mahema, dawa, nguo za kubadilishana na chakula. Mzigo wa kawaida ulikuwa karibu kilo 30.

Askari wa ugavi ataona mara moja ukali wa hesabu hii. Mpagazi hula. Tuchukue kwamba anakula kilo moja kwa siku na hakuna chakula cha kununua njiani. Akibeba kilo 30 za unga, akaenda siku 10 na kurudi siku 10, yeye mwenyewe atakula kilo 20, na kitakachofika ni kilo 10 tu. Ikiwa safari ni siku 15 kwenda na 15 kurudi, hafikishi kitu. Amebeba chakula chake mwenyewe na jasho limekwenda bure. Ndiyo sababu msafara ulilazimika kupita penye vijiji na mashamba, na ndiyo sababu njia iliyo fupi kwenye ramani mara nyingi haikuwa njia iliyowezekana. Tena chakula cha msafara kilitoka katika ghala za watu. Msafara wenye nidhamu ulikinunua. Usio na nidhamu ulikipora, na nyuma yake ukaacha njaa na chuki.

Funzo la hapo ni kubwa. Upangaji wa njia kamwe si suala la umbali peke yake. Una mzigo, una chakula au mafuta, una muda, na una watu wanaokaa kandokando ya njia hiyo. Mpangaji anayesahau kimoja kati ya hivyo, hesabu yake itakuwa safi katika karatasi na chafu katika ardhi.

Shangi na mipaka

Baada ya kukiona chanzo Kandt hakurudi kwao mara moja. Kati ya mwaka 1899 na 1901 alilichunguza Ziwa Kivu, akajenga makazi yake karibu na Shangi, katika pwani ya kusini ya ziwa hilo. Shangi si jina dogo katika historia ya kijeshi ya Rwanda. Mwaka 1896, mwaka mmoja tu baada ya kufariki kwa Mwami Rwabugiri, majeshi ya Rwanda yalipigana hapo na kikosi cha Dola Huru ya Kongo kilichokuwa na bunduki za kisasa, na shujaa Bisangwa akauawa. Mwaka huohuo mapinduzi ya Rucunshu yalimweka Musinga katika enzi akiwa bado kijana mdogo.

Baraza la Musinga lilikuwa na hadhari kubwa. Wageni wa Kijerumani wa mwanzo walipotaka kumwona mfalme, walionyeshwa mtu mzima aitwaye Mpamarugamba, akiwa amevikwa heshima zote za kifalme. Twaona hapa kwamba mpima mito aweza kuwa hodari wa kupima maji na bado akashindwa kuwapima watu. Habari iliyotoka penye kinywa kimoja haina budi kuthibitishwa na nyingine, iwe habari ya kivuko au habari ya mfalme.

Ramani za Kivu na Rusizi hazikuwa mapambo. Ujerumani na Ubelgiji zilishindania eneo hilo kwa miaka mingi, mpaka mkataba wa mwaka 1910 ulipoufanya Mto Rusizi na Ziwa Kivu kuwa mpaka, na kisiwa cha Idjwi kikaenda upande wa Kongo. Wenyeji wa nchi hawakuulizwa. Mstari uliochorwa mezani ukawatenga ndugu waliokuwa wakivuka maji hayo kila siku kwa biashara na kwa harusi.

Kituo kimoja katikati

Mwaka 1907 serikali ya Ujerumani ilimteua Kandt kuwa Residenti, yaani mwakilishi wake mkuu katika Rwanda. Hapo alikutana na swali jingine la wapangaji wa njia: kituo kiwekwe wapi? Hakwenda kwenye ziwa alilolipenda, wala hakujiweka karibu na ikulu ya Nyanza. Alikichagua kilima cha Nyarugenge, Kigali, kwa kuwa kilikuwa karibu na katikati ya nchi.

Hesabu yake yaeleweka. Anayekaa pembeni huwafikia upesi wale wa jirani, lakini wale wa upande wa pili huwafikia wakati shauri limekwisha kuharibika. Anayekaa katikati huwa hayuko karibu sana na mtu yeyote, lakini hayuko mbali mno na mtu yeyote. Mkuu wa polisi anapoamua mahali pa kuweka gari la dharura, au mkuu wa kikosi anapochagua pa kuweka ghala la mafuta, hufanya hesabu ileile. Kituo kidogo cha Kandt kilikua, na uhuru ulipopatikana mwaka 1962 Kigali ikawa makao makuu ya taifa. Nyumba inayokumbusha makazi yake ni jumba la makumbusho hivi leo.

Lakini kituo kizuri kisicho na njia ya kutokea ni sawa na mlango uliofungwa. Ngozi za Rwanda zilisafirishwa kwa vichwa hadi Bukoba, zikavuka ziwa, zikashika reli ya Uganda hadi Mombasa, katika mikono ya Waingereza. Wajerumani wakataka njia yao wenyewe. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na mwaka huo wa 1914 ikaanzwa reli ya kutoka Tabora kuelekea kwenye kona ya Kagera. Vita vikaizuia, na haikufika.

Wala tusiupambe utawala huo. Mwaka 1912 Ndungutse alipoongoza uasi kaskazini mwa nchi, kaimu wa Kandt, Gudowius, aliongoza kikosi cha kuukandamiza. Ndungutse aliuawa, na wananchi wa huko wakachomewa nyumba na mashamba. Njia zilizopimwa kwa ajili ya elimu zikawa njia za bunduki.

Vita na mauti

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914 Kandt alikuwa likizoni Ujerumani, na hakuweza kurudi tena. Huku nyuma, mwezi wa Septemba mwaka huo, Kapteni Wintgens aliiteka Idjwi. Mwaka 1916 majeshi ya Kongo ya Kibelgiji yalivuka mpaka, yakashika Kigali mwezi wa Mei na Tabora mwezi wa Septemba. Majeshi ya pande zote yalitembea juu ya mabega ya wapagazi, na hesabu ile ya mzigo na chakula ikageuka kuwa msiba. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika ya Mashariki walikufa kwa njaa, kuhara, homa na uchovu, wengi wao wakiwa hawajaona adui hata mmoja. Kaskazini magharibi ya Rwanda vita vilileta njaa iliyoitwa Rumanura, kati ya 1916 na 1918, kwa kuwa majeshi yalikula kilichokuwamo ghalani na kuwachukua waliopaswa kulima.

Kandt naye alichukuliwa na vita hivyo huko Ulaya. Alitumika kama daktari wa jeshi, akadhurika kwa gesi ya sumu, na tarehe 29 Aprili 1918 akafariki katika hospitali ya kijeshi mjini Nürnberg, akiwa na umri wa miaka 50. Mtu aliyekwenda mwendo wa miezi mingi kutafuta mahali mto unapozaliwa alikufa mbali na mto huo, kwa silaha ambayo haikuchagua njia wala haikupima chochote.

Je, alikuwa sahihi?

Mwaka 1937 Mjerumani mwingine, Burkhart Waldecker, alikionyesha chanzo kingine huko Rutovu, Burundi, akiutetea ule mkono wa Ruvubu ambao Kandt aliuacha. Piramidi ndogo ikajengwa juu yake. Waldecker alikuwa na hoja yake, kwani chanzo hicho ndicho kilicho kusini zaidi kuliko vyote. Kisha mwaka 2006 wasafiri watatu, McGrigor, McLeay na MacIntyre, waliupanda mto wote toka Mediterania wakiwa na vyombo vinavyopokea ishara za setilaiti, wakamalizia katika msitu wa Nyungwe, wakasema kwamba mkono wa Rukarara ndio mrefu zaidi.

Nani basi aliyeshinda? Jibu lategemea umeuliza nini. Anayeuliza maji mengi hupata jibu moja, anayeuliza urefu hupata la pili, na anayeuliza kusini ya mbali hupata la tatu. Kanuni ya Kandt ilikuwa ya wingi wa maji, na hakuna sheria ya maumbile inayosema kwamba mkono wenye maji mengi hauna budi kuwa ndio mrefu. Hatari ya kanuni inayochagua kilicho bora kwa sasa ni kwamba haioni ng'ambo ya kilima. Mkono mnene waweza kukoma baada ya kilomita chache, na ule mwembamba ukaendelea kwa siku nyingi.

Toka njia za mto hadi njia za lori

Wataalamu wa baada yake walijaribu kuliondoa tatizo hilo. Mwaka 1959 Mholanzi Dijkstra alichapisha utaratibu wa kuitafuta njia fupi kuliko zote kwa kupanuka hatua kwa hatua kutoka mahali pa kuanzia, bila ya kusahau njia zilizoachwa nyuma. Mwaka 1968 Wamarekani Hart, Nilsson na Raphael waliongeza jambo la pili. Katika kila njia panda, jumlisha umbali uliokwisha kwenda na makadirio ya umbali uliobaki. Makadirio yaweza kuwa mstari ulionyooka kwenye ramani, kwa kuwa hakuna barabara iliyo fupi kuliko mstari huo. Anza na njia yenye jumla ndogo; ikiharibika, rudi kwenye ile iliyoifuata. Kama makadirio hayazidi ukweli, jibu ni njia fupi kwa yakini. Tofauti na Kandt ni dhahiri: yeye alilitazama lililo miguuni pake, na hawa hutazama nyuma na mbele kwa pamoja.

Lakini iko kazi ambayo hata kompyuta huinamia kanuni ya uzoefu. Gari la doria litoke kituoni, lipite vituo 10, kisha lirudi. Mpangilio wa kuvipitia waweza kufanywa kwa namna 3,628,800. Vituo vikiwa 15, namna hizo huwa 1,307,674,368,000. Mpangaji wa kawaida huanza na kanuni ya jirani wa karibu: toka ulipo, nenda kwenye kituo kilicho karibu ambacho hujakipita. Kanuni hiyo ni ya haraka, ila ina ila yake, maana huacha kituo kimoja cha mbali kikisubiri mwisho, na gari likalazimika kukata nchi nzima kukifuata. Kwa hiyo hatua ya pili ni kuichora njia hiyo kwenye ramani na kutazama mahali mistari miwili inapopishana kama msalaba. Kwenye ramani, kila msalaba ni upotevu. Ukiufumua kwa kubadili utaratibu wa vituo, mistari hufupika. Penseli, ramani na subira ya robo saa vyatosha kuokoa mafuta.

Haya ndiyo tunayoyachukua katika maisha ya Kandt. Kwanza, eleza lengo kabla ya kuchagua njia: fupi, ya haraka, ya usalama au yenye gharama ndogo, maana kila lengo lina jibu lake. Pili, pima penye njia panda, na andika ulichokipima, ili atakayekuja baada yako aweze kukusahihisha kama Waldecker na wale watatu walivyoweza kushindana na Kandt kwa hoja. Tatu, usiuache mkono mdogo bila kuuweka alama kwenye ramani, kwani huenda ukarudi kuufuata. Nne, hesabu mabega yanayobeba na ghala za wananchi unaowapita, kwa sababu njia iliyopatikana kwa kuwaangamiza watu haikuwa fupi hata siku moja.

Msitu wa Nyungwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2023, pamoja na kipande cha Cyamudongo. Mvua bado inagawanyika juu ya mgongo wake, nusu ikishuka Nyakabuye na nusu ikienda Misri. Maji hayachagui, hufuata mtelemko. Binadamu amepewa akili ya kusimama penye njia panda, kupima, kisha kuondoka.